Risasi katika maji ya kunywa: Udhibiti unaoishia kwenye mita

MAJI yanayotoka kwenye mabomba ya Kariakoo husafiri mwendo mrefu kabla ya kufika hapo. Sehemu kubwa ya maji ya Jiji la Dar es Salaam hutekwa katika Mto Ruvu, mkoani Pwani, husafishwa kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, hutiwa klorini, kisha husukumwa kuelekea mjini.

Katika safari hiyo kila hatua ina msimamizi wake. Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu husimamia chanzo. Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Dar es Salaam (Dawasa) husafisha na kusambaza. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (Ewura) huikagua Dawasa, nalo Shirika la Viwango Tanzania (TBS) limeweka kiwango ambacho maji hayo yanapaswa kukitimiza.

Hata hivyo, maji yakishapita kwenye mita ya mteja, msururu huo wa wasimamizi hukatika. Kuanzia hapo maji huwa mikononi mwa mwenye nyumba, fundi bomba wake na duka lililomuuzia koki.

Jambo hilo lisingekuwa na uzito mkubwa kama uchafu wote ungeingia mtoni. Kwa metali zenye sumu, hususan madini ya risasi, mara nyingi hali huwa kinyume. Huingia katika hatua ya mwisho kabisa, muda mfupi kabla ya maji kufika kwenye kikombe cha mnywaji.

Kiwango kinasemaje

Metali zinazozungumzwa hapa hujulikana kama metali nzito, na wengine huziita madini tembo. Baadhi yake, kama shaba na zinki, mwili wa binadamu huzihitaji kwa kiasi kidogo. Nyingine, kama risasi, zebaki na kadimiamu, hazijulikani kuwa na faida yoyote mwilini. Aseniki, ambayo kitaalamu si metali kamili, huhesabiwa pamoja nazo kwa sababu ya sumu yake.

Kiwango cha Tanzania cha maji ya kunywa, TZS 789, kinachooana na kile cha Afrika Mashariki cha mwaka 2018, EAS 12, kimeweka ukomo wa kila moja. Risasi na aseniki hazipaswi kuzidi miligramu 0.01 katika lita moja ya maji. Ukomo wa kromiamu ni miligramu 0.05, nikeli 0.02, kadimiamu 0.003 na zebaki 0.001.

Tarakimu hizo ni ndogo, na hesabu rahisi huonyesha udogo wake. Gramu moja ya risasi, ikiyeyuka yote, inatosha kuyafikisha maji lita 100,000 kwenye ukomo unaoruhusiwa. Hayo ni madumu 5,000 ya lita 20, yale yanayosukumwa kwa mikokoteni mitaani. Maji hayo hayatabadilika rangi, harufu wala ladha.

Ukomo huo nao haumaanishi kwamba chini yake hakuna madhara. Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishusha pendekezo lake la risasi kutoka mikrogramu 50 hadi 10 kwa lita, yaani hiyo miligramu 0.01. Shirika hilo hilo linaeleza kwamba hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa binadamu. Tarakimu iliyowekwa ni ile inayoweza kufikiwa na kupimika.

Mtoto ndiye anayelipa

Wataalamu wa afya wanaeleza kuwa mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kutoka katika chakula au maji yale yale. Ikishaingia mwilini husambaa hadi kwenye ubongo, ini na figo, kisha hujihifadhi kwenye meno na mifupa. Hukaa humo kwa miaka mingi.

Mwanamke aliyeinywa akiwa msichana anaweza kuitoa mifupani wakati wa ujauzito, ikamfikia mtoto aliye tumboni. Mtoto aliyeathirika hupungukiwa uwezo wa kujifunza na kuwa makini, na madhara hayo hayaponi. Kwa mtu mzima risasi huchangia shinikizo la damu na maradhi ya figo.

Tatizo lenyewe si dogo duniani. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto (Unicef) na taasisi ya Pure Earth ya mwaka 2020 ilikadiria kuwa mtoto mmoja kati ya watatu, takriban watoto milioni 800, ana risasi kwenye damu inayofikia au kuzidi mikrogramu 5 kwa desilita, kiasi ambacho hulazimu hatua kuchukuliwa.

Maji si njia pekee ya kuingia kwa sumu hiyo. Kuna rangi za kuta, betri kuukuu zinazoyeyushwa, vyombo vya kupikia, na vumbi la barabarani lililobeba risasi ya petroli hadi nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilipoachana na petroli hiyo mwanzoni mwa mwaka 2006. Lakini maji hunywewa kila siku na kila mtu, na ndiyo yanayokorogewa uji wa mtoto mchanga.

Mtambo safi, koki yenye sumu

Risasi huingiaje katika maji yaliyotoka mtamboni yakiwa salama? Jibu limo katika vifaa. Koki nyingi, vali na viungio hutengenezwa kwa shaba ya manjano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Kwa muda mrefu viwanda viliongeza risasi humo ili metali hiyo ichongeke kwa urahisi.

Chukua mfano wa koki ya gramu 300 yenye risasi asilimia 3. Ndani yake mna gramu 9 za risasi. Haitoki yote, wala haitoki kwa siku moja, lakini kwa hesabu ya hapo juu ni akiba ya kutosha madumu 45,000. Koki mpya hutoa zaidi, kisha kiasi hicho hupungua kadiri miaka inavyopita.

Mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki, yaliyomo katika majengo mengi ya zamani, nayo yana historia yake. Zinki iliyotumika zamani ilikuwa na risasi na kadimiamu kama uchafu wake wa asili. Hata mabomba ya plastiki ya PVC hayakusalimika, kwa kuwa chumvi za risasi zilitumika kuyaimarisha yasiharibiwe na joto. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni ya kuzuia PVC yenye risasi mwaka 2023 tu.

Kwamba jambo hili linaihusu Afrika, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu miradi ya maji ya vijijini nchini Ghana, Mali na Niger ulilithibitisha. Sampuli 9 kati ya kila 100 zilikuwa na risasi iliyozidi pendekezo la WHO, na watafiti walielekeza kidole kwenye vipuri vya shaba ya manjano vya pampu na mabomba.

Mazingira ya Kariakoo yana mambo matatu yanayoongeza uwezekano wa risasi kutoka kwenye vifaa hivyo. La kwanza ni maji kusimama. Pale ambapo maji huja kwa mgawo, hukaa kwenye mabomba na matangi kwa saa nyingi, na kadiri yanavyokaa ndivyo yanavyozidi kula metali. La pili ni joto, ambalo huharakisha kazi hiyo. La tatu ni chumvi.

Visima chini ya maghorofa

Chumvi hiyo hutoka ardhini. Ukame wa mwaka 1997 ulipolikumba Jiji, visima virefu vingi vilichimbwa, na tangu hapo kisima kimekuwa tegemeo la pili la nyumba, hoteli, misikiti na maghorofa. Ukame wa mwaka 2022, ulioshusha kina cha Ruvu na kuleta mgawo mkali, uliwakumbusha wengi thamani ya kisima.

Dar es Salaam imekaa juu ya mchanga wa pwani unaohifadhi maji mengi. Yakivutwa kuliko yanavyorudishwa na mvua, maji ya bahari husogea kuyajaza mapengo. Ndiyo maana visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi.

Katika majengo mengi maji ya kisima na ya Dawasa hukutana ndani ya tangi moja, kisha hushuka kwenye mabomba yale yale. Maji yenye chumvi nyingi hushambulia shaba ya manjano na viunganisho vya kulehemu kwa kasi zaidi ya maji baridi ya mto. Hivyo kisima ambacho hakina risasi hata chembe kinaweza kuitoa risasi iliyomo kwenye koki.

Aidha, visima vifupi vina hatari yake nyingine. Kandokando ya Kariakoo, pale Jangwani, linapita Bonde la Msimbazi, ambalo mto wake hutokea upande wa Pugu, hupita Vingunguti na maeneo ya viwanda, kisha huingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Salender. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha vipimo vya shaba, zinki, risasi na kadimiamu katika mboga za majani zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi. Udongo ulioweza kupitisha metali hadi kwenye mchicha unaweza pia kuzipitisha hadi kwenye maji ya kisima kifupi.

Nani anapima nini

Kisheria hakuna upungufu mkubwa wa vyombo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake za ubora wa maji za mwaka 2007 zinadhibiti maji taka ya viwandani, chini ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka vibali vya kutumia maji ya ardhini. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 inazibana mamlaka za maji.

Tofauti iko katika kile kinachopimwa kila siku. Vipimo vya mara kwa mara vya mamlaka za maji ni vya klorini iliyobaki, vimelea, uchafu unaotia maji ukungu, na uchachu wa maji. Mpangilio huo una sababu ya msingi. Mlipuko wa kipindupindu wa Agosti 2015 ulianzia Dar es Salaam kabla ya kusambaa nchini, na ugonjwa huo huua ndani ya saa chache. Risasi huua akili polepole, bila mgonjwa kufikishwa hospitali.

Gharama nazo ni tofauti. Klorini hupimwa kwa kifaa cha mkononi, na jibu hupatikana papo hapo. Kupima risasi kunahitaji sampuli itiwe tindikali ili metali isigande kwenye kuta za chupa, ipelekwe maabara, na ichunguzwe kwa mashine ghali inayosoma kiasi kidogo mno. Maabara za Wizara ya Maji na ya Mkemia Mkuu wa Serikali zina jukumu hilo, lakini haziwezi kuzunguka kila ghorofa.

Matokeo yake ni kwamba maji yanayopimwa metali mara nyingi ni yale ya chanzo, mtambo na bomba kuu. Sampuli inayochukuliwa hapo haiwezi kueleza chochote kuhusu koki ya ghorofa ya tano.

Mafunzo kutoka nje

Mji wa Flint nchini Marekani ulijifunza hilo kwa gharama kubwa. Mwezi Aprili 2014, ili kubana matumizi, mji huo ulibadili chanzo chake na kuanza kutumia maji ya Mto Flint, yaliyokuwa na chumvi zaidi, bila kuyatia kinga dhidi ya kutu. Mtamboni maji hayakuwa na risasi. Yaliipata kwenye mabomba ya kuingilia nyumbani, na damu za watoto zikaonyesha ongezeko lake.

Bangladesh ina funzo la upande wa visima. Kuanzia miaka ya 1970 mamilioni ya visima yalichimbwa kwa msaada wa Unicef na wengine ili kuwaepusha wananchi na maradhi ya kuhara. Visima hivyo havikupimwa aseniki. Mwaka 1993 iligundulika kwamba ardhi yenyewe ilikuwa nayo, na mamilioni ya watu walikuwa wameshainywa kwa miaka mingi. Nia ilikuwa njema, lakini kipimo kimoja kilisahauliwa.

Karibu zaidi na nyumbani kuna Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa nchini Kenya, ambako kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kuanzia mwaka 2007 hadi 2014 kiliwaachia wakazi sumu ya risasi. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya Sh bilioni 1.3 za Kenya. Rufani ilitengua uamuzi huo mwaka 2023, lakini Desemba 2024 Mahakama ya Juu iliurejesha. Hukumu hiyo haikukilenga kiwanda peke yake. Mamlaka ya mazingira ya Kenya (Nema) nayo ilibebeshwa lawama kwa kutotimiza wajibu wa kudhibiti.

Kupima pale panaponywewa

Nchi zilizolishughulikia tatizo hili mapema zilihamishia kipimo kwenye koki ya mnywaji. Kanuni ya Marekani ya mwaka 1991 inataka lita moja ya kwanza ikingwe nyumbani baada ya maji kusimama kwa saa zisizopungua sita. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2020 yanataka ukomo wa risasi ushuke hadi mikrogramu 5 kwa lita ifikapo Januari 2036, na yanaweka kipaumbele kwa majengo yanayotumiwa na watu wengi.

Kwa Kariakoo mfumo kama huo hauhitaji kuanza na kila nyumba. Shule, zahanati na hospitali zinatosha kuwa mwanzo, kwa kuwa ndiko waliko watoto na wajawazito. Sampuli chache kila mwaka kutoka kwenye koki zao zingewapa Ewura na halmashauri ya Jiji picha ambayo sampuli za mtamboni haziwezi kuitoa.

Hatua ya pili, iliyo rahisi zaidi, iko madukani. Koki na viungio vinavyofungwa katika majengo ya Dar es Salaam kwa sehemu kubwa hupitia Kariakoo na Gerezani. Wafanyabiashara kutoka mikoani, Zambia, Kongo na Comoro hujaza mizigo yao huko huko. Koki inayouzwa leo katika maduka hayo inaweza kesho kufungwa Songea, Lubumbashi au Moroni. Kuzuia risasi hapo ni kuizuia katika nyumba nyingi kwa mkupuo mmoja.

Chombo cha kufanya hivyo kipo. Tangu mwaka 2012 TBS ina utaratibu wa kukagua bidhaa katika nchi zinakotoka kabla hazijasafirishwa. Kinachotakiwa ni kiasi cha risasi katika vifaa vya maji ya kunywa kipewe uzito ule ule unaopewa ukomo wa risasi katika maji yenyewe. Marekani ilishusha kiasi hicho hadi asilimia 0.25 kuanzia Januari 2014. Kabla ya hapo, kifaa chenye risasi hadi asilimia 8 kiliruhusiwa kuitwa 'kisicho na risasi'. Vifaa vilivyokataliwa huko havikosi soko kwingine, na nchi isiyouliza ndiyo inayopokea.

Hatua ya tatu inahusu visima. Kisima cha ghorofa linalokaliwa na mamia ya watu si mali binafsi tena kwa maana ya afya. Kupimwa metali mara moja kinapochimbwa, na tena baada ya miaka kadhaa, ni sharti linaloweza kuambatanishwa na kibali.

Kuchemsha hakutoshi

Wakati hayo yakisubiriwa, mwananchi ana mambo machache anayoweza kuyafanya. La kwanza ni kuelewa kwamba kuchemsha maji, desturi iliyookoa maisha ya wengi dhidi ya kipindupindu na homa ya matumbo, hakuondoi risasi. Maji hupungua kwa mvuke na risasi hubaki, hivyo kiasi chake katika kila lita huongezeka. Dawa ya klorini na kitambaa cha kuchujia navyo haviifikii.

Maji yaliyolala bombani usiku kucha yaachwe yatiririke dakika moja au mbili kabla ya kukinga ya kunywa au ya kukorogea uji. Hayo ya mwanzo hayana haja ya kumwagwa, kwani yanafaa kwa kudeki na kufulia. Maji ya bomba la moto yasitumike kupikia. Mwenye nyumba anayenunua koki mpya amuulize muuzaji ilikotengenezwa na kama ina alama ya ubora, na amzuie fundi kulehemu bomba la maji ya kunywa kwa risasi.

Hayo ni ya kupunguza makali tu. Mpangaji wa chumba kimoja Mtaa wa Sikukuu au Narung'ombe hawezi kubadili mabomba ya jengo, wala hana njia ya kujua kilichomo katika glasi anayompa mwanawe. Akiugua kwa kipindupindu, maofisa wa afya watafika na kupima maji. Mwanawe akishindwa kusoma darasani, hakuna atakayeiuliza koki. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa sasa uko katika hatua chache zilizo kati ya mita na kikombe.